Muhula wa Mwali

Niliporudi Newala, mama mdogo Mwanahawa
hakuuliza habari za ndege, wala za baridi.
Alinisogezea kigoda, akaweka ungo wa korosho kati yetu,
akanipa jivu la kupaka vidole.
"Haya," akasema. "Walikucheza vipi huko?"

Nikamwambia: siku ya kwanza tulitia sahihi karatasi.
Miezi minne, neno lolote lisilo Kichina ni kosa,
mezani, bafuni, hata kwa aliyejikwaa kidole.
Kosa moja, herufi moja mara mia.
"Mwiko," akasema, akipasua ganda. "Endelea."

Nikamwambia: Mwalimu Shu alinivua jina.
Somoe halikumkaa mdomoni. Akaandika Su Mei ubaoni,
akalirudia akinitazama mimi,
nami nikageuka nyuma kumtafuta huyo anayeitwa.
"Uliitika lini?"
Siku ya tatu.
"Mimi ulinichelewesha hadi ya tano.
Jina la chiputu nikikuita, wewe unakuna goti."

Nikamweleza sauti.
Kwamba neno hulala, hupanda, huporomoka,
na liko moja linaloshuka kwanza ndipo lipande,
kama ninyi zamani mlivyoshuka genge kufuata maji bondeni
mkarudi na mtungi kichwani, shingo haigeuki.
Hilo lilinitesa. Nilishuka vizuri, nikashindwa kurudi.
Niliomba mchuzi, nikaletewa sukari.
Niliila. Ningesema nini?

Sikumpa mambo kwa mpangilio.
Uwanja wa ndege mashine ilizikataa alama za vidole vyangu,
maganda haya haya yalikuwa yameshazila.
Afisa akanifuta kwa kitambaa, mara ya pili, ya nne,
akanitazama kama mtu asiye na mwanzo.
Mama mdogo akavigeuza viganja vyake,
akaviangalia, vyeupe kwa jivu,
akarudi kazini.

"Na hii wanaiitaje?"
Yao-guo.
"Yao? Wayao hawa hawa, watani zetu wa Masasi?
Hata huko wamewahi kutuandikisha korosho zetu!"
Alicheka mpaka ungo ukahama.
Hapana, mama. Yao ni kiuno.
Tunda la kiuno.

Akanyamaza.
Akainua kokwa moja kwenye mwanga,
akaifuata kwa kidole pale ilipopinda.
"Basi hao wamesoma," akasema,
akajifunga kanga upya.

Kisha akajaribu. Yao. Yaao. Yao?
Mkono wangu ukainuka wenyewe,
ukachora mstari mnyoofu hewani, juu, bila kushuka,
ndivyo alivyokuwa akichora Mwalimu Shu kila asubuhi
mbele ya pua zetu.
Akaupiga kikofi.
"Mkono chini. Hapa somo ni nani?"

Ni wewe.

Tukabangua. Jirani alipita akiuliza bei ya mnada,
tukamjibu hatujui, akapita.
Ndipo nikalisema lile ambalo sikumwandikia mtu:
usiku mmoja wa Novemba nilishuka ngazi
hadi chumba cha mashine za kufulia nguo,
nikaiambia mashine, kwa Kiswahili, kwamba nimechoka.
Kisha nikahesabu moja hadi mia.
Kumi na saba niliitamka mara mbili,
kwa utamu wake tu.
Asubuhi niliulizwa kama nimevunja ahadi.
Nikajibu hapana, kwa sauti sahihi kabisa,
na Mwalimu Shu akanisifu matamshi.

Mama mdogo hakuinua uso.
"Na wewe mwaka ule, ndani, ulinong'ona na ukuta.
Ulikuwa unamwita mama yako.
Ni mwiko, unajua.
Nilikuwa nimeketi nje ya mlango."

Hukumwambia mtu?

"Shika hiyo," akasema.
"Umeiachia ganda."